Makazi ya Kudumu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, ndani ya bwalo la shule)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya maandalizi ya kustaafu. Nilipoisoma nilidhani imepotea njia, maana nina miaka arobaini na saba na bado nahangaika na ada za watoto. Lakini mke wangu alinikumbusha kuwa kazi yangu ya kila siku ni kushughulikia majalada ya wastaafu, na kwamba mimi mwenyewe sijajiandaa hata kidogo. Mganga hajigangi. Basi nimekuja. Vijana wa kidato cha kwanza mnisamehe. Najua mnasubiri pilau. Nami nilikaa kwenye mabenchi haya haya, nikasubiri pilau hiyo hiyo, wakati wakubwa wanahutubia.

Ofisini kwetu mtumishi akikaribia miaka 60, ambao ndio umri wa lazima wa kustaafu, au 55 kwa anayetaka mwenyewe, hujaza karatasi nyingi. Moja humtaka aandike mahali atakapokwenda kuishi, ili alipwe nauli na gharama za mizigo. Nafasi iliyoachwa ni mstari mmoja tu. Nimewaona watu walioandika ripoti kwa miaka thelathini wakishika kalamu mbele ya mstari ule na kushindwa kuandika. Mmoja aliniuliza, "Kijana, naweza kuandika mahali pawili?" Nikamjibu kwa ukali wa kiofisi kwamba haiwezekani, makazi ya kudumu ni mamoja.

Leo nataka kuwaeleza jinsi baba yangu mzazi, na wazee wawili wa Kimarekani, walivyonifundisha kuwa jibu lile lilikuwa la kijinga.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu milimani, wilaya ya Lushoto. Alistaafu mwaka 1999, akiwa na miaka 55. Wale mnaotoka Usambara mnajua kwamba kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya kule si mchezo. Ukungu hushuka mpaka mlangoni na nguo hazikauki kwenye kamba. Baba alikuwa na ugonjwa wa kifua. Basi kila mwaka ukifika mwezi wa Juni alikabidhi ng'ombe wake kwa baba mdogo, akafunga mkoba mmoja, akapanda basi mpaka Dar es Salaam, akakaa kwangu kipupwe chote. Ikifika Septemba, kabla ya mvua za vuli, hata ungemfunga kamba asingekaa. Husema, "Shamba linaniita," na kesho yake alfajiri yuko stendi.

Mama alipofariki mwaka 2011, mimi kama mtoto wa kwanza niliona mambo hayo hayafai tena. Mzee wa karibu miaka sabini, kupanda na kushuka mlima kila mwaka kama mtu asiye na pa kukaa! Watu watasemaje? Aliposhuka Juni 2012 nikamwambia safari hii harudi. Nikauza ng'ombe wake wawili, nyumba ikafungwa, na ufunguo nikautia kwenye droo ya meza yangu. Nikamjengea chumba uani, chenye feni na televisheni. Ndugu zangu walinisifu sana. Baba hakusema kitu, nami nikadhani kimya kile ni shukrani.

Mwaka 2013 nilipata nafasi ya kwenda kusoma mambo ya utawala huko Marekani, katika jimbo la Arizona, kwa muda wa miezi kumi. Mwalimu wangu mmoja, mama wa makamo, alipojua kazi yangu akasema, "Kama unataka kuwaona wastaafu, nitakupeleka kwa wazazi wangu." Nikavaa suti, maana nilidhani tunakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ilikuwa Jumamosi moja katikati ya Januari 2014. Tukaendesha kuelekea magharibi kiasi cha kilometa mia mbili kutoka Phoenix, jangwa tupu, mipungate imesimama kama nguzo za simu, hadi mji mdogo uitwao Quartzsite. Wakazi wake wa mwaka mzima ni elfu chache tu. Lakini siku ile, kila upande mpaka jicho lichoke, niliona magari ambayo ndani yake wanaishi watu. Katika msimu wa baridi wageni wanaopitia pale huhesabiwa kwa malaki.

Nieleze magari yenyewe. Yako ya aina mbili kubwa. Moja ni kama basi lenye injini yake. Nyingine ni tela linalokokotwa na pikapu. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu, vyote katika nafasi isiyozidi chumba cha kiranja wa bweni. Chini kuna matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyooshea vyombo na mwili, na la choo. Juu ya paa wengi wameweka paneli za sola za kujaza betri. Jangwani pale hakuna bomba linalofika mlangoni wala waya wa umeme, kwa hiyo kila lita ya maji huhesabiwa. Nilipowaambia wenyeji wangu kuwa mimi nimepita shule ya bweni na naweza kuoga kwa nusu ndoo na kufua soksi kwa maji yaliyobaki, walicheka, wakanikubali mara moja kuwa mwenzao.

Wenyeji hao walikuwa mume na mke, yeye bwana mwalimu mstaafu wa hesabu, mama naye mstaafu wa hospitali, wote kutoka jimbo la Minnesota kaskazini kabisa. Kule Januari baridi huweza kushuka hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri, wakati Quartzsite mchana wa siku hiyo hiyo unakaa umevaa shati tu. Ikifika Julai mambo hugeuka: Quartzsite joto hupita nyuzi arobaini na mji hubaki karibu mtupu, ilhali Minnesota ni kijani kitupu na maziwa yamejaa samaki. Watu wa aina yao huitwa kwa Kiingereza jina la ndege wa theluji, kwa kuwa hufuata jua kama ndege wanavyofanya. Wako wengi, wengine kutoka Kanada.

Nilidhani maisha yao ni kuzurura. Nikakuta sivyo kabisa. Basi lao lilikwenda kilometa tatu au nne tu kwa lita moja ya mafuta, na mtu wa pensheni hawezi kuzurura kwa hesabu hiyo. Walisafiri mara mbili tu kwa mwaka, karibu kilometa elfu tatu kila safari, yaani zaidi ya mara mbili ya njia ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Mapema Oktoba, kabla maji hayajaganda kwenye mabomba ya gari, walishuka. Aprili walipanda. Ni kama majahazi yetu ya zamani, yaliyokuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na hakuna aliyemwambia nahodha kuwa hana kwao.

Kila upande walikuwa na mahali pao. Kiangazi walikaa kwenye kambi moja kando ya ziwa, wakapokea wageni, wakafagia, wakauza kuni. Malipo yao yalikuwa kiwanja cha kuegesha na umeme wa bure. Majira ya baridi walikaa kwenye ardhi ya umma iliyotengwa na serikali kuu nje ya Quartzsite. Mwaka huo ada ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima, kutoka tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, au dola 40 kwa siku 14. Walikuwa pia na kadi ya wazee ya kuingilia hifadhi za taifa maisha yao yote, ambayo wakati huo kila Mmarekani aliyefikisha miaka 62 aliinunua kwa dola 10. Mwaka 2017 ilipanda ikawa 80. Na meno yao waliyatengeneza Mexico, katika mji wa Los Algodones ulio mpakani karibu na Yuma, kwa sababu bima yao ya uzeeni kwa kawaida haigusi meno na madaktari wa ng'ambo ya mpaka ni nafuu zaidi.

Mimi, kama mtu wa majalada, niliuliza swali la ofisini: "Anwani yenu ni ipi?" Mzee akanieleza kuwa mwaka 1978 mume na mke waitwao Joe na Kay Peterson walianzisha chama cha watu wanaoishi namna hii, kiitwacho Escapees, na kwamba chama hicho kina makao yake Livingston, katika jimbo la Texas. Barua za maelfu ya wanachama hufikia pale, kisha hutumwa kila mmoja alipo. Hapo ndipo wao pia walipojiandikisha kisheria. Nikasema, "Basi makazi yenu ya kudumu ni Texas." Akacheka. "Texas ni sanduku la barua," akasema. "Nyumbani kwetu ni kule ziwani, na hapa. Sisi hatuhamihami. Tunakwenda nyumbani mara mbili kwa mwaka."

Ndugu zangu, hebu tujikumbuke wenyewe. Miaka sita mimi nilifunga tranka langu mara mbili kwa mwaka, nikaja hapa, nikarudi kwetu. Hapa nilikuwa na kitanda changu, sahani yangu na adui yangu wa kugombania ndoo. Kule nilikuwa na wazazi. Hakuna aliyesema sina makazi.

Asubuhi ya pili niliona jambo ambalo sijalisahau. Mama yule, kabla hajaweka chai mezani, alichungulia nje akatazama gari la jirani yao, mjane mmoja kutoka Kanada. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Natazama pazia. Ikifika saa tatu halijafunguliwa, lazima mmoja wetu akabishe hodi." Kumbe ilikuwa desturi ya mtaa wao mzima. Kila mmoja alikuwa na pazia la mwenzake la kutazama.

Nikamkumbuka baba. Nyumbani kwangu sote hutoka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya foleni, na hurudi saa mbili usiku. Pazia la chumba cha uani lilikuwa likitazamwa na nani? Kule mlimani asingeonekana msikitini alfajiri, kabla jua halijapanda watu watano wangekuwa wamefika mlangoni.

Jioni tukiwa tumekaa kwenye viti vya kukunja, nikawasimulia habari za baba: safari zake, chumba, feni, televisheni. Nilisimulia kwa kujisifu kidogo, nakiri. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye alisemaje?"

Nikajibu, "Hakusema kitu."

"Ulimwuliza?"

Sikuwa na jibu. Mkewe akanimiminia chai nyingine, na mzee akaanza kuzungumzia mambo ya betri, kwa hisani yake.

Kabla hatujaondoka walinipeleka kwenye makaburi ya mji. Pale pana kaburi lililojengewa piramidi ya mawe, na juu yake sanamu ya ngamia. Ni la mtu ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly. Alikuja mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu kwa kubebea mizigo jangwani. Alijulikana kwa jina la Haji Ali, ndimi zao zikashindwa kulitamka. Alifia pale mwaka 1902, na piramidi ikajengwa mwaka 1935. Maandishi yake yanasema hapo ndipo kambi ya mwisho ya Hi Jolly. Niliposoma jina lile nikiwa mbali na kwetu kiasi kile, nilisimama nikamsomea Fatiha. Na mawazo yangu yote yalikuwa kwa baba, na ufunguo ulio kwenye droo.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawasifia Wamarekani. Mambo yale yana upande mwingine. Si wote waliochagua. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 wengi walipoteza nyumba na akiba, wakaingia kwenye magari kwa kukosa pa kwenda. Utakuta mtu wa miaka sabini akivuna viazi-sukari vya kiwandani mwezi wa Oktoba, au akipanga mizigo kwenye maghala makubwa kabla ya Krismasi, kwa sababu pensheni haitoshi. Mwandishi Jessica Bruder alitoa kitabu juu yao mwaka 2017, kiitwacho Nomadland, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Mwenye kuchagua na asiye na la kuchagua huegesha jangwa moja, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha.

Tena hata aliyechagua, iko siku mikono itatetemeka na macho yatakataa barabara. Hilo nalo wenyeji wangu walikuwa wamelizungumza mapema. Walikubaliana kwamba atakayeona kwanza kuwa mwenzake hafai tena kushika usukani ana haki ya kuchukua ufunguo, na mwingine hatabisha. Kule Livingston wakati ule kile chama kilikuwa na kituo ambako mwanachama aliyezidiwa na umri au ugonjwa aliweza kuegesha gari lake, akaendelea kulala kitandani mwake, huku akisaidiwa chakula na uangalizi. Nimeona wakubwa wengi sana katika kazi yangu, lakini ni wachache waliopanga siku ya kukabidhi ufunguo kabla haijafika.

Nilirejea nchini katikati ya mwaka 2014. Nilimkuta baba amekonda. Siku ya tatu niliketi naye uani, nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza miaka miwili nyuma. "Baba, ungependa kukaa wapi?"

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, ufunguo wangu uko wapi?"

Nilikwenda chumbani nikauleta. Aliushika, akaufuta kwa pindo la kanzu, akautia mfukoni. Akasema kipupwe kiishe kwanza, kifua chake hakitaki ukungu. Hakuwa amekataa Dar es Salaam hata siku moja. Alichokataa ni Septemba kupita bila yeye kuondoka.

Septemba alipanda. Nilimnunulia ng'ombe mmoja, deni la wawili nikabaki nalo. Akashuka Juni 2015, akapanda, akashuka tena 2016 na 2017, na kila mara alikuja na mfuko wa matunda na maneno mengi ya shamba. Alifariki Machi 2018, nyumbani kwake, na asubuhi ile ile majirani walikuwa wamekwisha kubisha hodi. Amezikwa kando ya mama. Miaka ile miwili niliyomfungia uani sina namna ya kumrudishia.

Sasa niseme machache ya kazi, maana niliitwa kwa ajili hiyo.

Kwa ninyi mnaokaribia kustaafu: amueni wenyewe, mapema, mkiwa na nguvu, na muwaambie watoto wenu kwa maneno, si kwa kunyamaza. Msijenge kijijini nyumba ya vyumba vinane ambayo itakaliwa na popo. Vyumba viwili vyenye paa zima vinatosha kwa mtu mwenye mahali pawili. Fanyeni hesabu ya nauli na matibabu kama yule mwalimu wa hesabu alivyofanya ya mafuta yake, kabla ya kushika kiinua mgongo, si baada. Na pale mnapotaka kwenda, anzeni kwenda sasa, kila likizo, mzike na watu na mcheke na watu, ili siku mtakapofika awepo wa kutazama pazia lenu.

Kwa sisi wenye wazee: tuwaulize. Na tukiisha kuuliza, tusubiri jibu.

Kwa vijana: mtakapofika nyumbani likizo hii, mwulizeni babu au bibi habari za mahali alipozaliwa, halafu mtazameni uso. Mtajua kama yuko kwake au yuko kwenye chumba cha uani.

Nami nimeanza kujirekebisha. Mwaka huu tumeweka paa jipya nyumba ya baba, na mke wangu amechagua mahali pa bustani. Yule mtumishi niliyemkatalia ofisini nilimtafuta nikamwomba radhi. Fomu bado ina mstari mmoja, sina mamlaka ya kuibadili. Lakini siku hizi mtu akiniuliza kama anaweza kuandika mahali pawili, namwambia aandike pale mizigo itakapokwenda, halafu akae, anieleze na pale pengine.

Pilau naona imeiva.